Siku ya Tatu, Jembe

Mwalimu mgeni wa Usinge ana sura mbili. Yupo raia wa nchi nyingine, mwenye pasipoti na kibali, aliyekuja kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Yupo pia Mtanzania aliyepangiwa kituo mbali na kwao: Mchaga wa Rombo, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mhaya wa Muleba. Kisheria huyu wa pili si mgeni hata kidogo, lakini kijiji hakisomi pasipoti. Wote wawili hushuka hawajui maji yanachotwa wapi, wote husalimiwa kwa lugha isiyo yao, na kabla juma la kwanza halijaisha wote huwa wameshaulizwa swali lile lile: "Utakaa?"

Usinge imo katika Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora, wilaya iliyomegwa kutoka Urambo mwaka 2012. Ni stesheni ya Reli ya Kati, magharibi ya Kaliua, kabla treni haijaingia Nguruka na mkoa wa Kigoma. Pande zote ni msitu wa miombo. Kuelekea magharibi ardhi inateremka taratibu hadi kwenye mabwawa na mbuga za Malagarasi na Moyowosi, eneo oevu la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Wakazi ni Wanyamwezi, Waha, Wavinza, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Katika wilaya hiyo hiyo kuna Ulyankulu, makazi yaliyofunguliwa kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Kwa hiyo suala la nani mgeni na nani mwenyeji lina mafundo yake hata pale mwalimu anapokuwa hajafika.

Siku hizi basi linafika, na lami imekuwa ikisogea kipande kwa kipande kuelekea Daraja la Kikwete kwenye Mto Malagarasi. Hata hivyo mgeni anayetaka kuielewa Usinge afike kwa treni, kwa sababu mji umejengwa ukiitazama reli. Wajerumani waliifikisha reli hii Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwishoni mwa 2022 ulisainiwa mkataba wa reli mpya ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Ile ya zamani, yenye upana wa mita moja, bado ndiyo inayopima siku za watu: mtoto huambiwa alizaliwa usiku treni ilipokwama, na shamba huelekezwa kwa kuhesabu makalvati.

Mwandishi wa masimulizi haya alishuka Usinge mwezi wa Machi, usiku wa manane, treni ikiwa imechelewa saa saba kwa ajili ya mvua. Alikuwa na begi moja na namba ya simu ya mtu aliyekuwa amelala. Stesheni haikuwa imelala. Kina mama walikuwa wakikimbia kando ya mabehewa na mabeseni kichwani, tochi za simu zikining'inia shingoni kwa kamba, wakinadi karanga za kuchemsha, mayai na asali. Asali ya huku huuzwa katika chupa za maji zilizokwisha kutumika, kifuniko kimefungwa nailoni isivuje safarini. Ina rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na ukiigeuza chupa, povu hupanda polepole kama mzee anayepanda ngazi. Treni ilipoondoka, mama ntilie mmoja alimtazama mgeni, akatazama begi, akauliza: "Mwalimu?" Alipojibiwa hapana, alionekana kusikitika kidogo, kisha akamimina chai.

Wageni wamekuwa wakipita njia hii tangu karne ya 19, na wengi walipita tu. Misafara ya pembe na watumwa ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, mahali ambapo Waarabu wa Unyanyembe walijenga tembe zao, halafu ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke walipita kuelekea ziwani mwanzoni mwa 1858, wakalipa hongo kwa Wavinza waliokuwa na mitumbwi ya kuvusha watu Malagarasi. Lakini wasafiri wakubwa wa njia hii walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Walibeba mizigo hadi pwani, wakarudi na vitambaa, shanga, na Kiswahili. Jambo hili husahauliwa mara kwa mara: Kiswahili hakikuletwa magharibi na walimu. Kilikuja kwenye mabega ya wapagazi, na shule zilipofunguliwa zilikikuta kimeshapanga chumba.

Mgeni wa kwanza aliyekuja eneo hili kwa nia ya kukaa na kufundisha alifika Urambo mwaka 1879. Alikuwa daktari Ebenezer Southon wa London Missionary Society, akakaribishwa na Mtemi Mirambo. Alikaa miaka mitatu. Mwaka 1882 alifariki kutokana na jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Misheni hiyo baadaye, mwaka 1898, ilikabidhiwa Wamoravian, ambao kanisa lao bado ni kubwa katika ukanda huu.

Mwalimu mgeni mashuhuri kuliko wote wa Tabora, hata hivyo, hakutoka Ulaya. Alikuwa Mzanaki wa Butiama. Julius Nyerere alisoma Tabora School kuanzia 1937 hadi 1942, akaenda Makerere, akarudi kufundisha St. Mary's hapo hapo Tabora kuanzia 1946 hadi 1949, kisha akaondoka kwenda Edinburgh. Watu wa Tabora hupenda kukumbusha kwamba jina la Mwalimu alilitolea jasho kwao.

Uhuru ulipofika, walimu wa sekondari walikuwa wachache mno. Mwaka 1961 ulianzishwa mpango uliowaleta vijana wenye digrii kutoka Marekani na Uingereza kufundisha Tanganyika, Kenya na Uganda, na wengi wao walipitia Makerere kwa mafunzo. Peace Corps, shirika la Wamarekani wa kujitolea, nayo ilianza Tanganyika mwaka huo huo, ikaondoka 1969 siasa zilipochacha, ikarudi 1979. Mpaka hivi karibuni vijana wake walifundisha sayansi na hisabati katika sekondari za vijijini, kila mmoja kwa miaka miwili. Kuanzia miaka ya 1990 shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza zilijaza walimu kutoka Kenya na Uganda, lakini hao walikwenda mijini, kwenye karo. Kijiji cha porini kilijipatia walimu kwa njia nyingine. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka kila mtoto aingie shule, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa kazi huku wakiifanya. Waliitwa walimu wa UPE (Elimu ya Msingi kwa Wote), na jina hilo lilitumika kama heshima na kama kejeli, kutegemea nani anazungumza. Wengi walifundisha karibu na walikozaliwa. Leo mwalimu anaajiriwa na serikali na kupangiwa popote nchini, na ndiyo sababu Usinge inapata Wachaga.

Siku ya kazi huanza kabla jua halijatoka vizuri. Mwalimu wa zamu hufika mapema kuliko wenzake. Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na hugongwa kwa kipande cha nondo kinachofichwa ofisini, vinginevyo itagongwa usiku na walevi. Watoto huja na fagio na madumu ya maji ya lita tano. Mstarini hukaguliwa kucha na kola, huimbwa Wimbo wa Taifa, kisha "Shikamoo mwalimu" hutoka kwa sauti moja ya mamia ya watoto, na mgeni wa siku ya kwanza, hata awe na miaka 23, huitikia "Marahaba" kama mtu aliyezeeka ghafla.

Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada wala michango ya lazima. Wengi walioandikishwa wasingeandikishwa zamani, na darasa la kwanza hujaa hadi mlangoni. Hapo ndipo ugeni unapoonekana wazi. Mtoto wa miaka sita anatoka nyumba inayozungumza Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha. Kiswahili anakijua cha gulioni. Mwalimu naye ana Kiswahili cha kwao. Katika darasa moja picha ya kitabu ilionyesha meli ziwani, na mwalimu akauliza ni nini. Kimya. Kisha kijana wa dawati la mbele, aliyekuwa na hakika kabisa, akasema: "Behewa." Hakukosea sana. Ilikuwa kubwa, ina madirisha, imejaa watu na mizigo. Mwalimu, mwanamke kutoka pwani aliyekua akitazama meli kila siku, alikaa kidogo akitafuta namna ya kumweleza mtoto wa msituni behewa linaloelea.

Sekondari ugeni hugeuka. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na hapo mwalimu na mwanafunzi wote wako ugenini. Kinachofanyika kila siku ni hiki: mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, anageuka na kueleza kwa Kiswahili, mzaha wa Kiswahili unatupwa katikati, kisha anarudi kwenye Kiingereza ili wanafunzi wanakili notisi. Mwalimu kutoka ng'ambo asiyejua Kiswahili ana nusu tu ya kipindi hicho. Atafuatwa na safu mbili za mbele, na safu za nyuma zitamsikiliza kwa adabu kubwa bila kuambulia kitu. Ni kinyume cha mambo yalivyo, kwa mfano, katika shule za vijijini za Thailand, ambako mgeni huajiriwa kwa sababu ile ile ya kutojua lugha ya wenyeji, ili watoto walazimike kumsemesha Kiingereza. Kule mwalimu mgeni ni somo lenyewe. Huku ni mtumishi wa silabasi, na silabasi haimsubiri ajifunze kuhesabu moja hadi kumi. Katika jambo moja tu nchi hizo mbili zinakaribiana, nalo ni heshima. Wathai wana siku maalumu mwanzoni mwa mwaka wa masomo ambapo wanafunzi hupiga magoti mbele ya walimu na kuwapa maua. Usinge haina siku hiyo, lakini binti wa Kinyamwezi akimkuta mwalimu njiani hukunja magoti na kusalimia akitazama chini, hata kama amebeba ndoo ya maji kichwani, na mwalimu mgeni hushtuka akihofia ndoo.

Baada ya shule huanza kazi ya kuishi. Nyumba za walimu hazitoshi, kwa hiyo wengi hupanga chumba mtaani: kuta za tofali za kuchoma, bati, sakafu ya saruji au ya udongo. Posho ya kujikimu ya mwalimu mpya huisha kwenye godoro, jiko la mkaa na ndoo. Maji hutegemea pampu na msimu. Mshahara huingia benki, na benki haipo jirani. Zamani kufuata mshahara kulikula siku mbili, na mzaha wa zamani ulisema mwalimu anapokea pesa mara mbili, mara ya kwanza zake na mara ya pili za nauli. Wakala wa pesa za simu amepunguza safari hizo, lakini amemleta jirani mwingine, mkopeshaji wa mtaani ambaye mikopo yake huitwa kausha damu. Riba yake haihitaji maelezo zaidi ya jina hilo.

Chakula ndicho kinachomfundisha mgeni upesi. Ugali wa mahindi au wa muhogo, mlenda, kisamvu, maharage. Kutoka Kigoma treni huleta dagaa na migebuka mikavu, na kutoka mabwawa ya Malagarasi huja kambale na perege. Masika yakianza, msitu hutoa uyoga wa aina nyingi, na watoto huupanga barabarani kwa mafungu. Mwalimu kutoka miji mikubwa huukwepa mwaka wa kwanza kwa hofu ya sumu, kisha mwaka wa pili huonekana akiuchagua kwa macho makali kama bibi wa hapo. Viazi vitamu hukaushwa kwa namna mbili: michembe, ambavyo hukatwa vikiwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza. Matobolwa ni magumu kama mbao. Mgeni hupewa mezani pamoja na karanga, na wenyeji humtazama anavyotafuna. Jioni kuna wanzuki, pombe ya asali, tamu mdomoni na nzito miguuni.

Kuna pia mbung'o. Huuma hata juu ya suruali ya jinzi, na hupenda nguo za rangi ya bluu na nyeusi. Ndio waliozuia ng'ombe kujaa katika misitu hii kwa muda mrefu, na ugonjwa wa malale ndio uliofanya serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1920 na 1930, kuwahamisha watu wa magharibi kutoka msituni na kuwakusanya katika makazi makubwa. Mwalimu wa historia anayefundisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kama jambo jipya husahihishwa na babu wa mwanafunzi.

Lakini jambo linalotawala maisha hapa, ya shuleni na ya nyumbani, ni tumbaku. Baada ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza kuanguka, ambao Urambo ilikuwa mojawapo ya mashamba yake pamoja na Kongwa na Nachingwea, ukanda huu uligeukia tumbaku, na haujaiacha. Vitalu huoteshwa kuanzia Agosti na Septemba. Miche hupandikizwa mvua zinapoanza. Majani huchumwa kuanzia Januari na kuendelea, hufungwa kwenye vijiti na kukaushwa katika mabani, vijumba virefu vya tofali vyenye moto wa kuni chini yake. Moto huo hauachwi usiku. Joto hupandishwa kwa hatua, siku hadi siku, na jani likikosewa saa chache hupoteza daraja. Mwezi wa Machi Usinge yote inanuka moshi mtamu. Kisha majani hupangwa madaraja, hufungwa mitumba na kuuzwa kupitia chama cha msingi kwa bei iliyotajwa kwa dola, baada ya deni la mbolea kukatwa.

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mwalimu wa Usinge siku hizo mbili ni masika mawili. Mwaka wa kwanza analalamika. Mwaka wa pili anauliza bei ya ekari. Mwaka wa tatu anakodi ekari moja au mbili, na tangu hapo haulizwi tena kama atakaa. Kwa uchunguzi wa mwandishi, posho na semina hazimshikilii mwalimu kijijini kama shamba linavyomshika. Aliyelima ana kitu cha kusubiri. Ana majirani wa kuwaazima panga, ana ugomvi wa mpaka, ana deni kwa fundi wa bani. Ameingia katika hesabu za watu.

Tatizo ni kwamba shamba linalomfunga mwalimu ndilo linalomwondolea wanafunzi. Katika miezi ya kuchuma, madawati ya darasa la sita na la saba hutoboka mapengo. Wavulana wanalinda moto wa mabani usiku na kusinzia mchana, na wasichana wanafunga majani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za hatari kwa watoto, na jani bichi la tumbaku likilowa huacha nikotini ngozini hadi mtoto atapike. Wazazi wanalijua hilo. Wanajua pia kwamba kibarua mtu mzima analipwa, na mtoto wa nyumbani halipwi. Mwalimu aliyekodi ekari mbili naye anahitaji mikono. Vijana wanaobisha hodi kuomba kibarua jioni ni wale wale aliowaita majina asubuhi.

Mwenyeji wa mwandishi, mwalimu wa hisabati kutoka Kilimanjaro mwenye mwaka wa nne kituoni, alilima karanga na mahindi. Majirani walimwona mtu wa ajabu, kwa sababu karanga hazilipi kama tumbaku. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Siwezi kumwandika mtoto mtoro kwenye daftari la mahudhurio, halafu nimkute kwenye bani langu."

Mwalimu huyo alikuwa pia na tangazo. Karibu kila mwalimu aliye mbali na kwao analo. Uhamisho ni mgumu kupatikana, na njia inayokubalika ni kumpata mwenzako wa wilaya unayoitaka anayeitaka yako, mkaomba pamoja. Makundi ya WhatsApp yamejaa maombi hayo. La kwake lilisema kwamba anatafuta wa kubadilishana naye, shule ya msingi, kutoka Kaliua kwenda Rombo, Moshi Vijijini au Hai. Lilikuwa limewekwa mwaka wake wa kwanza, wiki ya tatu.

Jioni moja, akipalilia, simu iliita. Alikuwa mwalimu wa Rombo, mume wa mwanamke aliyeajiriwa zahanati moja ya Kaliua, akitafuta njia ya kuungana na familia. Aliuliza maswali yote yanayostahili. Maji? Ya pampu, wakati mwingine foleni. Umeme? Upo, ukiwa na hisani. Nyumba? Ya kupanga, bati zima. Usafiri? Basi, na treni kama huna haraka. Mwalimu alijibu kila kitu bila kupamba, mguu mmoja juu ya jembe, akitazama mistari ya karanga iliyokuwa imeanza kuchanua maua ya njano. Mwisho sauti ya simuni ikauliza yeye anaondoka kwa sababu gani.

Alinyamaza hadi yule wa Rombo akadhani mtandao umekata. Kisha akamwomba ampigie tena mwezi wa sita, karanga zikishang'olewa.